Dawa ya Deni, na Namna ya Kuinywa

Juu ya meza ya jikoni, katika nyumba ya kupanga iliyo upande wa kaskazini wa mji wa Columbus, jimbo la Ohio, zilikuwapo kadi tatu za plastiki, mkasi, kikombe cha chai ya tangawizi iliyokwisha kupoa, na simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari, ambamo uso wa bibi kizee wa Kibokoni, Mombasa, ulikuwa ukionekana na kupotea kwa kadiri mtandao ulivyopenda.

"Mwanangu," akasema yule bibi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo hilo mara nyingi, "deni la watu lilipe, na makadi hayo yachome moto."

Aliyekaa mezani, mwanamke wa makamo anayefanya kazi ya kuwauguza wazee, ambaye jina lake nalihifadhi kwa ombi lake, akaushika mkasi. Binamu yake, kijana aliyesomea uhasibu huko huko Ohio, akamzuia mkono. "La, dada. Ukizifunga kadi hizi leo, alama zako za ukopaji zitaanguka, na mwakani hapana mwenye nyumba atakayekupangisha."

Mashauri hayo mawili, la mama na la binamu, hugongana kila siku katika majumba mengi ya Marekani, ya wenyeji na ya wageni. Kila moja lina haki yake, na kila moja lina ghalati yake.

Kadi tatu, hadithi tatu

Kadi ya kwanza ina deni la dola 5,400, na kikomo chake ni 6,000. Riba yake ni asilimia 24 kwa mwaka. Tiketi ya kwenda Mombasa kwa arobaini ya marehemu baba yake, pamoja na yale yasiyokosekana mtu anaporudi kwao baada ya miaka minane, ndiyo yaliyoijaza.

Ya pili ina dola 2,100 katika kikomo cha 3,000, kwa riba ya asilimia 21, nayo ilitengeneza gari, maana katika mji ule asiye na gari hana kazi. Ya tatu ni kadi ya duka moja kubwa, iliyonunua jokofu: dola 900 katika kikomo cha 1,000, kwa riba ya asilimia 30. Kadi za maduka aghalabu ndizo zenye riba kali kuliko zote, ijapokuwa ndizo zinazotolewa kwa tabasamu kubwa kuliko zote, pale pale kwenye sanduku la malipo, pamoja na takhfifu ya bei.

Jumla ni dola 8,400. Ukizichukua riba hizo ukazigawa kwa miezi, mwezi mmoja unazaa dola 167 za riba peke yake. Kiwango cha chini ambacho benki nyingi huridhika nacho ni riba ya mwezi pamoja na asilimia 1 ya deni. Kwa kadi hizi tatu ni kama dola 251. Kwa hiyo, mtu huyu anapotoa dola 251 kwa taabu ya zamu za usiku, akajiona amelipa, ni dola 84 tu zilizogusa deni, na zilizobaki zimekwenda na maji.

> "Mwezi mmoja unazaa dola 167 za riba peke yake."

Hakuwa amedanganywa. Sheria ya kadi ya mwaka 2009, iliyotiwa saini na Rais Obama, inailazimisha benki iandike katika taarifa ya kila mwezi muda utakaopita ikiwa mdeni atalipa kiwango cha chini tu, na kiasi anachopasa kulipa ili aimalize kadi hiyo kwa miezi 36. Maneno hayo yamo katika taarifa zake zote. Lakini taarifa zilikuwa zikija kwa njia ya simu, naye alikuwa akisoma tarakimu moja tu, ile iliyoandikwa kwa wino mzito.

Majirani walipokuwa mizani

Kabla ya alama hizi alizozitaja binamu kuwapo, Mmarekani aliyetaka kukopeshwa alipimwa kwa vinywa vya watu. Kampuni ya Retail Credit, iliyoanzishwa Atlanta mwaka 1899, iliwatuma wapelelezi wake wakabishe hodi kwa majirani na kuuliza kama fulani ni mlevi, kama ndoa yake ina salama, kama nyumba yake ni safi; na majibu yakatiwa katika majalada ambayo mwenyewe hakuruhusiwa kuyaona. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria iliyompa raia haki ya kuyajua yaliyoandikwa juu yake na kuyapinga yasiyo ya kweli. Mwaka 1975 kampuni ile ikabadili jina ikajiita Equifax, nayo hata leo, pamoja na Experian na TransUnion, ni mojawapo ya wenye madaftari makuu matatu ya madeni ya nchi ile.

Mhandisi Bill Fair na mwanahisabati Earl Isaac, walioanzisha kampuni yao mwaka 1956, walidai kwamba hesabu ingeweza kuamua kwa insafu kuliko soga la majirani. Mwaka 1989 ikatoka alama yao ya jumla, inayojulikana kwa jina la FICO, ambayo huanza 300 na kuishia 850. Yako madai mengi ya haki juu ya alama hiyo, lakini sharti tukiri kwamba haimwulizi mtu dini yake, wala rangi yake, wala kama anaelewana na mumewe.

Asilimia 35 ya alama hutokana na historia ya malipo, yaani kama mtu amelipa kwa wakati au amechelewa. Asilimia 30 hutokana na wingi wa deni, hasa sehemu ya vikomo vya kadi iliyokwisha kutumika. Umri wa hesabu zake una asilimia 15, na zilizobaki zimegawanywa sawasawa baina ya mikopo mipya na mchanganyiko wa aina za mikopo.

Mshahara haumo. Akiba haimo. Dhahabu za mama harusi hazimo. Mwenye duka wa mtaani kwetu, aliyeandika unga na mafuta ya watu katika daftari lenye jalada gumu, alimjua mteja wake ana mashamba au hana, ana wana au hana, na kama alichelewa kwa ugonjwa au kwa ukaidi. Alama za Marekani hazina habari ya ugonjwa. Zinajua siku tu.

Na asiyekopa kabisa zinamwona kama hayupo. Mwaka 2015 idara ya Serikali ya Marekani inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha ilikadiria kuwa watu wazima milioni 26 hawakuwa na maandishi yoyote katika madaftari yale. Mgeni anayetua Columbus au Minneapolis na sifa njema ya miaka thelathini kutoka kwao, naye huanza katika giza hilo hilo, na aghalabu mlango wake wa kwanza ni kadi ya dhamana, ambayo kwayo huweka kwanza fedha zake mwenyewe, dola 200 au 300, ndipo aruhusiwe kuzikopa.

Riba ilivyovuka mipaka

Mwezi wa Septemba mwaka 1958, Bank of America ilizipeleka kadi 60,000 kwa watu wa mji wa Fresno, California, ambao hawakuziomba. Benki ilitarajia hesabu 4 katika kila mia zichelewe kulipwa, zikachelewa 22. Mtu angedhani biashara hiyo ingekufa pale pale, lakini iliendelea ikawa mojawapo ya biashara zenye faida kubwa kabisa za benki.

Sababu moja ni hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1978, katika shauri la benki ya Marquette, iliyoiruhusu benki kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayokubaliwa katika jimbo la benki yenyewe. South Dakota ikaondoa mpaka wa riba, na mwaka 1981 Citibank ikaihamishia huko biashara yake ya kadi. Basi mtu anaweza kukaa katika jimbo lenye sheria kali dhidi ya walariba, na barua yake ya deni ikatoka kwenye jimbo lisilo na mpaka. Tangu mwaka 2023 wastani wa riba ya kadi, kwa takwimu za Benki Kuu ya nchi hiyo, umepita asilimia 20, na mwaka huo huo jumla ya madeni ya kadi ya Wamarekani ilivuka dola trilioni moja kwa mara ya kwanza.

Kufunga au kuacha wazi?

Nirudi kwenye mkasi.

Hesabu ya binamu haina kosa. Dada yake anadaiwa 8,400 katika vikomo vya 10,000, yaani asilimia 84, kiwango kibaya sana, kwa kuwa washauri hupenda kisipite 30, na wenye alama za juu kabisa hukaa chini ya 10. Tuseme ameimaliza kadi ya duka, na nyingine mbili zimebaki pale pale. Akiiacha wazi, anadaiwa 7,500 katika 10,000, ambazo ni asilimia 75. Akiifunga, kikomo cha dola 1,000 kinaondoka nayo, naye anadaiwa 7,500 katika 9,000, asilimia 83. Ni kama kwamba hakulipa kitu, machoni pa alama.

Lakini binamu aliongeza jambo ambalo wengi hulisema na si kweli: kwamba kadi ikifungwa umri wake hufutika hapo hapo. Katika hesabu ya FICO, kadi iliyofungwa bila aibu huendelea kuonekana hata miaka 10, na umri wake huhesabiwa. Linaloumiza upesi ni kikomo kilichopotea, na maumivu hayo yana siri moja ambayo ingewapa wadeni wengi usingizi lau wangeijua: katika aina nyingi za alama zinazotumika, sehemu ya kikomo iliyotumika haina kumbukumbu. Alama huitazama ilivyo mwezi huu, na mwezi ujao ikishuka, imesahau. Aina mpya kadhaa zimeanza kutazama mwenendo wa miezi iliyopita, lakini bado hazijaenea kama zile za zamani.

Kuchelewa ndiko kusikosahaulika. Malipo yakichelewa siku chache, mtu hutozwa faini, basi. Yakipita siku 30, benki huweza kuyaandika katika madaftari makuu, na maandishi hayo hukaa miaka saba. Nimewaona watu wakihangaikia kadi ya kufungwa au kutofungwa, ilhali tarehe ya kulipa inawapita kwa sababu walikuwa kazini zamu mbili. Wanaogopa kisichodumu, na kidumucho wamekisahau. Dada wa Columbus nilimwona akifanya jambo moja la busara kabla ya mengine yote: aliiagiza benki yake ilipe kiwango cha chini cha kila kadi yenyewe, siku tano kabla ya muda kuwadia.

> "Wanaogopa kisichodumu, na kidumucho wamekisahau."

Liko na jingine dogo. Benki haipeleki habari za deni siku ya kulipa. Kwa kawaida huzipeleka siku ya kufunga hesabu ya mwezi, ambayo hutangulia siku ya kulipa kwa wiki tatu au zaidi. Anayelipa kabla ya kufungwa hesabu huonekana ana deni dogo kuliko anayelipa kiasi hicho hicho baada yake. Na wale wanaosema kwamba mtu sharti abakize deni kidogo kila mwezi ili alama zipande, wanamtia hasara bure: alama hazihitaji riba hata senti moja.

Kwanza dogo, au kwanza kali?

Katika namna ya kulipa zimesimama madhehebu mbili. Moja husema fedha za ziada zielekezwe kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote, kwa sababu hiyo ndiyo hesabu. Ya pili husema zielekezwe kwenye deni dogo kuliko yote, kwa sababu moyo wa binadamu hutiwa nguvu na kitu kilichokwisha. Mimi ni mfuasi wa hesabu, lakini nimeona wafuasi wa hesabu waliochoka katika mwezi wa tatu wakaacha, kwa hiyo siwacheki wa pili.

Kwa kadi hizi tatu madhehebu mbili zinapeana mkono, maana deni dogo ndilo lenye riba kali. Akitoa dola 400 kila mwezi, fedha za zamu moja ya Jumamosi zikiwamo, kadi ya duka itakwisha mwezi wa sita, na madeni yote yatakwisha katika miezi 27 au 28, riba ikiwa imekula kama dola 2,470.

Njia ya kuhamisha deni ipo pia. Benki nyingine huwaita wadeni walete madeni yao kwenye kadi mpya isiyo na riba kwa miezi 12 hadi 21, kwa ada ya asilimia 3 hadi 5. Ada ya asilimia 3 juu ya dola 5,400 ni dola 162, sawa na riba ya mwezi mmoja na nusu ya kadi yake ya kwanza. Biashara nzuri, maadamu deni limalizike kabla ya muhula. Taabu ni kwamba mwenye kadi zilizojaa kwa asilimia 84 ni nadra kukubaliwa, au hupewa kikomo kidogo kisichofaa. Mlango huo humfungukia zaidi asiye na shida nyingi.

Barua iliyobandikwa kwenye jokofu

Juu ya jokofu lile lile lililokopewa ilikuwapo barua ya kampuni moja, yenye herufi kubwa, iliyoahidi kulikata deni lake nusu. Kampuni za namna hiyo humshauri mdeni aache kulipa, fedha zake aziweke kando, na baada ya miezi kadhaa kampuni iende kwa mwia na kuomba apokee sehemu, deni limalizike. Watetezi wake husema kwamba kwa aliyekwisha kushindwa kabisa, nusu ni bora kuliko kufilisika. Neno hilo lina ukweli.

Lakini bei yake haiandikwi kwa herufi kubwa. Deni lisilolipwa siku 180 benki huliandika kuwa hasara, bila ya kumsamehe mdeni. Alama huporomoka, na doa hukaa miaka saba. Kampuni hujilipa, mara nyingi asilimia 15 hadi 25 ya deni lote lililoandikishwa. Na deni lililosamehewa, likifika dola 600 au zaidi, huweza kuarifiwa kwa wakusanya kodi kuwa ni pato. Tangu mwaka 2010 kanuni za Serikali zinakataza kampuni zinazowapata wateja kwa simu kupokea ada kabla ya kumaliza deni hata moja. Anayedaiwa ada mwanzoni na ajue amekutana na nani.

Tofauti na hao ni washauri wasiotafuta faida, ambao chama chao cha taifa kilianza mwaka 1951. Hawa hupatana na benki zishushe riba, mara nyingi ikawa chini ya asilimia 10, na mdeni hulipa deni lote kwa malipo ya pamoja ya kila mwezi. Kwa riba ya asilimia 8, dola zile zile 400 zingelimaliza deni la dada huyu kwa miezi 23, na riba ingekuwa kama dola 680 badala ya 2,470, kabla ya ada ndogo ya huduma.

Sharti lao la kawaida ni kwamba kadi zilizotiwa katika mpango zifungwe. Hapo binamu akakunja uso, nami nikamwuliza ni alama ngapi zenye thamani ya dola 1,790. Mwenye haja ya kukopa nyumba mwezi ujao ana sababu ya kuzitunza alama kama mboni ya jicho. Asiye na haja ya namna hiyo kwa miaka miwili, analipa riba ya kweli kwa ajili ya sifa asiyoitumia.

Alichokuwa akisema mama

Ingekuwa kosa kumchukulia yule bibi wa Kibokoni kuwa hajui dunia. Neno lake si la hesabu, ni la dini. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Riyadh mwaka 2000, liliamua kuwa haijuzu kutumia kadi ya mkopo yenye sharti la riba, hata kama mwenyewe amenuia kulipa kabla ya riba kuanza. Wako wanachuoni wanaoruhusu, hasa kwa wakaao nchi ambazo kadi ni kama ufunguo wa mlango, maadamu deni lilipwe lote kila mwezi. Dada yule alikuwa amejitia katika rai hii ya pili, na akaishi nayo kwa salama, mpaka baba yake alipofariki.

Mabishano yakaendelea mpaka adhana ya magharibi ikasikika Kibokoni kupitia simu, ilhali Columbus jua lilikuwa halijafika utosini. Bibi akataka kujua neno moja tu kabla ya kwenda kutawadha: kadi inakatwa, au haikatwi?

Binti yake akaichukua ile ya duka, akaiinua mbele ya simu ili mama aione vema, akaikata vipande viwili, kisha vinne. Bibi akashukuru Mungu, akaaga. Simu ilipozimika, binamu alikuwa ameketi kimya, akitabasamu. Maana plastiki ilikuwa imekatwa, lakini katika vitabu vya kampuni hesabu ilikuwa wazi kama jana, na kikomo chake cha dola 1,000 kipo pale pale. Dada akavikusanya vile vipande akavitia katika kikombe cha chai iliyopoa. Mama yake hakumwuliza zaidi, na yeye hakuona haja ya kumweleza.